Nafasi ya Alto

Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, Jael aliinua pasi kutoka kwenye kanzu ya bosi, akaanza kuimba.

Binti wa madam alikuwa amefungulia albamu hiyo chumbani kwake tangu asubuhi. Nyimbo za siku hizi kutoka Polinesia, alikuwa amemwambia, visiwa vya huko mbali kwenye bahari ya Pasifiki. Jael hakuelewa hata neno moja. Lakini waimbaji walijipanga kama kwaya ya kanisani kwao Vihiga: soprano juu, besi chini, na katikati, pale pa alto, palikuwa na nafasi. Akaingia bila kufikiri, macho ameyafumba, mvuke wa pasi ukimpanda usoni. Tangu aje Jeddah kufanya kazi za nyumbani, hakuwahi kuimba.

Wimbo ulipokwisha, binti alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Samahani," Jael akasema haraka. "Halas, sirudii tena."

"Hapana, ilikuwa nzuri sana! Imba tena nikurekodi."

"Hufungulii muziki?"

"Wa nini? Nataka sauti yako tu. Yalla, anza."

Jael akaimba. Sauti ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikarudi palepale ilipoanzia, ikagonga vigae vya ukutani na kumrudia mwenyewe. Simu ikateremka polepole.

"Mbona haufanani na ule wimbo?"

Jael aligeuza kanzu upande wa pili, akanyoosha kola kwa vidole.

"Hii sauti," alisema, "huwa haiimbwi peke yake."