Mkono Mwepesi wa Mwanahawa

Shebe aliingia saluni mbio, ameibeba simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo cha simu mayai kumi yalikuwa yakirukaruka. Mchezo wenyewe ndio huo: unalipia, mayai yanapasuka, unapata utakachopata. Shebe alimtaka Joka Jekundu, na mpaka sasa alikuwa na vyura wa kujaza bwawa.

"Dada Mwanahawa, nibonyezee wewe!"

Msusi Mwanahawa alijulikana kwa mkono mwepesi, mkono wa bahati. Hata wauza samaki walimwita asubuhi awafungulie biashara.

"Hela ya nini hii unayotaka kulipia?"

"Ya suti."

"Suti ya harusi yako ya Jumamosi?"

Saluni nzima ikapasuka kwa kicheko.

Mwanahawa akafuta mafuta vidoleni, akayasogelea maandishi madogo chini ya kitufe, yale ambayo sheria inawalazimisha wenye mchezo kuyaweka. Akayasoma kwa sauti: "Kila yai, nafasi ya Joka ni moja katika elfu." Akamtazama. "Shebe, mkono wangu mwepesi, lakini si mwepesi hivyo!"

"Kwani kuna mtu anayesoma hayo?"

"Bonyeza!" akapiga kelele mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Usibonyeze! Ataoa na kaptula!" akadakia mwingine.

Kidole cha Mwanahawa kikashuka taratibu. Kilipobakiza unywele kugusa kioo, Shebe akamdaka kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu. Hakuna aliyejua, hata yeye, kama anauzuia mkono au anausukuma. Mayai yakaendelea kuruka.