Kiti cha Mzee

Mhudumu aliponiuliza tuko wangapi, nilimjibu kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Wawili, dada. Mzee wangu anaegesha gari."

Mzee wangu alikuwa kijijini kwetu Nkololo, na chombo pekee anachoegesha ni mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu, hapa Dar es Salaam. Nilitoroka bweni ili nisihurumiwe.

Mgahawa ule wa mtaani ni mbunifu. Unakunja unga uliokandwa kuwa vifurushi vidogo kama vya Kichina, unavipika kwa mvuke, na ndani unatia michembe, viazi vikavu vya kwetu, na karanga za kusaga.

Vilipoletwa, niliinamisha kichwa kama askofu, nikatupia kimoja kizima mdomoni. Kiliniunguza ulimi hadi kooni.

"Mayu!" nililia.

Mgahawa mzima uligeuka kunitazama. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomwita mama.

Mhudumu alicheka, akaweka sinia chini, akanisalimu kwa Kisukuma. "Kumbe Msukuma! Mwadila! Ng'wana nani wewe?"

Mtoto wa nani. Tangu nije mjini, hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ng'wana Masunga," nilisema. "Na mzee leo haji."