Taa ya Bi Mwanashamba

“Kwa kustahimili maumivu, Korogwe nzima sina mpinzani,” Bi Mwanashamba alimwambia mbuzi wake, na papo hapo akapiga yowe, maana upindo wa kanga ulikuwa umemgusa goti.

Goti lenyewe lilipona miaka mitano iliyopita. Daktari alimweleza, “Mama, jeraha limekwisha, ila ubongo wako umejifunza kuumwa na umekataa kusahau. Ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa na wezi: sasa hata jani likianguka, anabweka.”

Siku hizi maumivu hayafichiki. Kila mzee huvaa hereni inayosikiliza ubongo, na akiumwa, taa ya ukutani huwa nyekundu. Taa ya mzazi ikiwa nyekundu, sheria haimruhusu mtoto kuhama mji. Bintiye Nasemba alishakosa kazi mbili kwa taa hiyo.

Ndiyo maana alfajiri ile bibi alimvika mbuzi hereni yake, kisha akajifunga kilemba hadi masikioni.

Nasemba alisimama na begi, akaikodolea macho taa. Nyeupe pe.

“Kweli huumwi, mama?”

“Nimepona, mwanangu. Nenda, basi litakuacha!” Bi Mwanashamba alicheka kwa raha.

Huko nje jirani alimtupia mbuzi jiwe, amtoe kwenye mchicha wake. Mbuzi akalia. Taa ikawa nyekundu, na bibi bado anacheka.

Nasemba akaweka begi chini polepole. “Unaumwa wapi?”

“Mguu tu, umenichoma ghafla.”

Mbuzi akalia tena.

“Mguu upi, mama?” Nasemba aliuliza. “Wa mbele au wa nyuma?”