Saa Moja ya Msitu

Siku hizi hakuna anayeingia msituni bila kuutumikia kwanza. Unamwagilia miche Jumamosi tatu, ndipo upewe saa moja ya kutembea chini ya miti. Wakesho, muuguzi, alimwagilia mwaka mzima, na kila saa aliyoipata alimpa mama yake, aliyezaliwa kandokando ya msitu huohuo.

Mwezi huu mama alikataa.

"Ingia wewe, mwanangu. Mimi miguu imechoka."

Wakesho akaingia. Aliketi chini ya mti wa kwanza, avue viatu tu apumzishe miguu. Alipofumbua macho, mlinzi alikuwa amemwinamia.

"Dada, saa yako imekwisha."

Nyumbani, mama alikuwa akimsubiri sebuleni. "Umewaona mbega?"

"Nimewaona," Wakesho alisema. "Na mtoto wao, mweupe pe."

Mama akafumba macho, akatabasamu. "Basi mimi sirudi tena. Utakuwa unaniendea wewe, ukirudi unanisimulia. Na kile kijito, bado kina maji?"

Wakesho aliitazama mikono yake iliyochubuliwa na ndoo. Hakujua.

"Kimejaa, mama," akajibu.