Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Tangu sheria ipige marufuku kupanda machipukizi yanayoota shinani mwa migomba, kila mgomba wa Kagera ulikuzwa ndani ya chupa maabarani, kutokana na mgomba mmoja tu. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, yote ilikauka kwa pamoja. Ukabaki wa Kokushubira, wa zamani, aliouficha nyuma ya jiko kwa kuwa kondo la nyuma la mwanawe lilifukiwa shinani pake.

Asubuhi alipotoka nje, akatazama huku na huko. Kilima kizima kilikuwa kikavu, na kijani pekee kilichoonekana toka barabarani kilikuwa chake.

“Mama, tuukate?” alimnong'oneza mama mkwe wake.

“Tumechelewa, mwanangu. Wanakuja.”

Hawakuwa askari. Walikuwa majirani, kila mmoja na jembe lake, wakaingia uani, wakauzunguka mgomba na kuanza kuchimbua machipukizi yake wakapande kwao.