Mzee Haleluya

Kikombe cha chai kilimkosa muuguzi kidogo tu, kikagonga ukuta na kudondoka chini ya kitanda cha jirani. Fundi wa kuchomea vyuma hakuomba radhi. Alijigeuza, akaipa wodi nzima mgongo.

Tangu daktari amwambie, bila kumung'unya maneno, kwamba ni saratani ya tumbo na kilichobaki ni kumtuliza maumivu, fundi alikuwa hasemeki. Mkewe akija, anafukuzwa. Binti yake akileta chakula, kinarudi kama kilivyokuja. Si kwamba aliwachukia. Aliogopa kufa, akaona aibu kuonekana anaogopa, na hasira ndiyo nguo pekee aliyokuwa nayo ya kujifunika.

Mzee wa kitanda cha jirani aliinama polepole, akaokota kikombe.

"Tumshukuru Mungu ni cha plastiki," alisema. "Na mkono bado una nguvu, kijana wangu. Mimi kisingefika hata hapo ukutani."

Muuguzi akacheka. Fundi akasonya.

Alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu wa kwaya aliyestaafu, na fundi alimbandika jina la Mzee Haleluya kwa kejeli. Kila asubuhi mzee alinyoa ndevu utadhani anakwenda harusini. Alimsalimia mfagiaji kwa heshima ile ile aliyompa daktari. Akidungwa sindano husema, "Binti yangu, una mkono mwepesi, imetoka kabla sijapata nafasi ya kulalamika," kisha hufumba macho akamwombea huyo huyo aliyemdunga. Fundi alikuwa na hakika ni maigizo matupu. Watu wa kanisani aliwajua, alishawachomea mageti.

"Ngoja yamzidi," alijisemea, "tuone hiyo haleluya itatoka kwa sauti gani."

Siku moja, mzee akiwa bafuni, wauguzi walikuwa wakipokezana zamu kando ya vitanda vyao, wakidhani fundi amelala.

"Huyu na mzee ugonjwa ni mmoja," alisema anayeondoka. "Dawa ni hizo hizo za maumivu. Ila wa mzee ndio umefika mbali zaidi. Sidhani kama atamaliza mwezi."

Fundi aliganda chini ya shuka. Mzee alirudi akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Kuanzia hapo fundi alimtazama mzee kwa jicho jingine. Alimwona akijikunja kwa maumivu, kisha akinyooka na kumuuliza mfagiaji kama mtoto wake amepona homa. Aliwaona watoto wa mzee wakitoka kuongea na daktari koridoni, macho mekundu, wakiingia na vicheko vingi kuliko kawaida, na mzee akiwatania mmoja mmoja. Alimsikia akibishana na mkewe kuhusu mabati ya banda la kuku na kupanga nyimbo za Pasaka. Pasaka! Mtu hamalizi mwezi, anawaza Pasaka. Hiyo, fundi alikiri moyoni, ndiyo imani, si ile ya vipaza sauti.

"Mzee," alianza siku moja, "hivi wewe unawezaje..."

Mke wa mzee alimkata kauli upesi, akaomba msaada wa kufungua dirisha. Baadaye alimfuata fundi, akamnong'oneza, "Baba, tafadhali, usimzungumzishe mambo ya ugonjwa. Hapendi." Fundi alimheshimu mzee zaidi kwa hilo.

Basi akaanza kuiga. Kwanza alinyoa. Kisha alimwomba radhi muuguzi. Mkewe alipochungulia mlangoni, tayari kufukuzwa, alimwambia, "Njoo ukae, mke wangu," na yule mama akasimama pale pale, mkoba mkononi, akalia. Walizungumza yote: karakana ishikwe na nani, binti amalize vipi chuo, yeye azikwe wapi. Binti alikuja akamkata kucha, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Na fundi, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu siku ya ndoa yake, alianza hata kusali, kwa maneno machache, kama anaomba apitishiwe spana. Hofu haikuisha, lakini sasa ilikuwa inabebeka.

Jumapili daktari alimruhusu akamalizie siku zake nyumbani, kama alivyoomba mwenyewe. Mkewe alishateremka na mizigo. Mzee alikuwa ameketi kitandani, ndevu zimenyolewa vizuri, mkewe akimmiminia chai. Fundi hakuona namna ya kuondoka bila kusema. Alivuta stuli, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na machozi yakamtoka bila haya.

"Mzee wangu, nilikucheka sana moyoni, unisamehe. Niliingia humu mwoga, nikawatesa mke wangu na binti yangu. Wewe ndiye umenirudishia familia yangu. Nilijiambia, kama mzee huyu ana saratani hii hii yangu, na siku zake ni chache kuliko zangu, na bado anacheka na watu, basi na mimi naweza kufa bila kutetemeka."

Nyuma yake, chupa ya chai iligonga meza.

Mzee alikuwa bado anatabasamu, akisubiri mzaha umalizike. Alimtazama fundi, akautazama mkono wake ulioshikwa. Kisha tabasamu lile, ambalo wodi nzima ilikuwa imeliegemea, likaanza kumtoka polepole, naye akamgeukia mkewe.

"Mama watoto," alisema, "si mliniambia ni vidonda vya tumbo?"