Sauti ya Rwegasira

Daktari alisema zipo njia mbili. Wakiondoa koromeo, huenda saratani isirudi, ila Rwegasira hatazungumza tena kama zamani. Wakimpa mionzi, sauti inaweza kubaki, lakini hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa zaidi.

"Tutaamua pamoja, mzee. Wewe unathamini nini zaidi?"

Rwegasira alishika koo pale palipovimba. Alimkumbuka marehemu mkewe, kule Kaisho. Jioni alizotoka kwaya alikuwa akiimba njia nzima, na mkewe, jikoni, akiisikia tu sauti hiyo ikitokea migombani, anaepua ndizi. Alipofika mlangoni, chakula kilikuwa tayari kwenye jani, kinafuka mvuke.

"Aliyekuwa akiisubiri sauti hii tumeshamzika," alisema kwa kukwaruza. "Iondoeni."

Daktari akavuta fomu. Binti wa Rwegasira, aliyekaa kando yake, akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Na mimi je, taata?" aliuliza taratibu. "Mimi nilikuwa nakaa kizingitini, nakusikiliza unavyokuja."

Rwegasira alimtazama. Kisha akamgeukia daktari.

"Hebu nieleze tena hiyo ya mionzi."